Kipande cha Kopo

Bi Shekue hakusema gari ni bovu.
Alisema, "Yakohoa, Ngumbao,
na ikipanda kile kilima baada ya daraja la Sabaki
yanitia haya mbele ya punda."
Akaniachia ufunguo na mikate ya mofa mitatu ndani ya gazeti,
akarudi Shela kwa miguu.

Pikapu ya dizeli. Umri wake wamzidi kijana wangu wa spana.
Sakafuni nyuma kuna unga usiofagilika.
Nafungua boneti: saa mbili asubuhi, Maweni,
na chuma tayari chauma vidole.

Vali yenyewe si kubwa, ngumi ya mtoto,
imejikunyata nyuma ya injini
mahali ambapo mkono huingia na ngozi ukatoka bila.
Kazi yake ni ya ajabu ukiiwaza:
kuuchukua moshi ambao injini imeshautema
na kuirudishia kidogo, iuvute tena,
joto lipungue, sumu ipungue,
wapumuao huko nje wapumue.
Gari la namna hii hula matapishi yake kwa kipimo.
Kipimo kikipotea, basi.

Bolti mbili, namba kumi na mbili.
Ya kwanza ilikuja kama iliyoitwa.
Ya pili ilikataa. Nikaipa mafuta, nikaipa chai,
yaani chai nilikunywa mimi, yenyewe ikafikiri,
nikairudia na bomba juu ya spana.
Ikalia mara moja. Ikakubali.

Humo ndani, masizi.
Si vumbi; vumbi lina adabu.
Haya yalikuwa mazito, yanang'aa,
kama chini ya sufuria iliyosahauliwa na harusi nzima.
Tundu la kupita kidole
limebaki la kupita njiti ya kiberiti.
Nikachokoa kwa bisibisi,
nikasugua kwa mswaki wa kijana (anadhani umepotea),
petroli ikageuka wino ndani ya debe.

Ndipo bati likatokea.
Kipande kilichokatwa kwa mkasi,
kimebanwa kati ya vali na bomba,
katikati kimetoboka kwa kuungua,
na ukingoni bado zasomeka herufi nne za manjano:
kopo la siagi.

Nalijua kopo hilo.
Nililiramba kwanza, nina miaka kumi na saba,
kisha nikalikata.
Fundi Twalibu alisema, "Ziba.
Mwenyewe ataona gari limepata nguvu, atakushukuru."
Na Bi Shekue alishukuru. Alileta mikate mitatu.
Nilikula yote.

Miaka kumi na mmoja
moshi ulitafuta njia, ukalila bati taratibu,
ukapata kitundu, ukajijaza humo humo.
Pafukapo moshi pana moto, watu husema.
Hawasemi pana nani.

Nikaosha upya, safari hii bila haraka.
Nikatia mdomo kwenye mpira mwembamba, nikanyonya:
pini ikainuka. Nikaachia: ikashuka, tk.
Nikatema dizeli.
Nikakata gasketi mpya, tundu lake wazi, nikafunga.

Alipokuja alasiri nilikuwa nimeyapanga maneno
kama spana, dogo hadi kubwa.
Akawasha. Gari likapumua.
"Ilikuwa nini?"
Nikafungua kiganja,
maneno yote yakabaki kwenye sanduku.

Alilitazama lile bati, akaligeuza,
akalipeleka puani. Ni mtu wa tanuri,
anajua kilichoungua na kilichounguzwa.
"Siagi hii hawaiuzi tena," akasema.
Akanihesabia pesa yangu yote,
akafikiri, akachukua mia mbili akazirudisha kangani,
akaenda zake na bati lake.

Mikate ya asubuhi hakuitaja.
Bado iko juu ya benchi, ndani ya gazeti.
Nanawa mikono.
Nanawa tena.